Hata Akitusahau

Ihanda, 12 Februari 2024

Mdogo wangu Alinanuswe,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Fortunata. Sisi huku tumeamka. Mvua imetukumbuka mwaka huu, mahindi ya bondeni yamenipita kimo, na maharage tumeshaanza kuyala mabichi. Mikahawa ya marehemu Baba imebeba vizuri, isipokuwa ile mistari ya juu karibu na njia. Akina mama wa kwaya wamenichagua tena niwafundishe, ingawa sauti yangu sasa ni ya chura. Mbwa wako amezeeka lakini bado anawafukuza wanunuzi wa kahawa.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu nikipiga unasema uko barabarani, kisha inakatika. Karatasi haikatiki. Nimempa kondakta wa basi aifikishe kwa Ikram, yule mama mwenye kibanda cha chakula pale kwenye maegesho ya malori, maana najua ukirudi safari unapita kwake kwanza kabla ya kufika kwako Chapwa.

Sasa Mama. Ugonjwa wake wa kusahau umezidi. Daktari wa Vwawa alisema ni wa uzee, hauna sindano. Juzi alfajiri nilikuta kitanda kitupu. Tulimpata kwa jirani yetu Luka, amesimama na gauni la ndani tu, anakwangua mlango kwa kucha. Alikuwa anawatafuta ng'ombe wa Baba, wale waliouzwa wewe ukiwa darasa la pili. Luka alifungua mlango akapiga kelele. Sikumlaumu, hata mimi ningeshtuka. Lakini tangu siku hiyo mkewe hapiti tena kwetu kuchota maji.

Mimi ananiita mama. Asubuhi ananiuliza, "Mama, leo siendi shule?" Namwambia leo Jumamosi. Kwake kila siku ni Jumamosi.

Nina jambo jingine dogo. Katika salamu zako za Krismasi uliniulizia mimi, ukaulizia kwaya, mikahawa, hata mbwa. Mama hukumwulizia. Nadhani ulipitiwa. Toka Chapwa mpaka hapa ni mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma, nawe hujafika tangu tulipomzika mwanao Lusungu. Njoo basi.

Dada yako,
Tumpe


Tunduma, 3 Aprili 2024

Dada Tumpe, shikamoo.

Barua yako nimeikuta kwa Ikram nyuma ya kopo la majani ya chai, imeshanuka vitunguu. Nisamehe. Tulikuwa Kongo. Foleni ya mpaka wa Kasumbalesa ilitukalisha mpaka tukawa tunafua nguo na kuzianika kwenye tela kama tumehamia. Hamis wa Tanga, dereva mwenzangu tunayepokezana usukani, anakusalimu sana. Fortunata ni mzima, cherehani yake inafanya kazi kuliko lori langu. Sasa hivi anashona sare za shule.

Nimefurahi mahindi yamekubali. Ile mistari ya juu ipogoe, usiionee huruma. Mbwa mpe dawa ya minyoo.

Huyo mzee mfungie mlango kwa nje anapolala, ndiyo njia. Kuhusu kuja, mwezi huu sitaweza, na ujao sidhani. Kuna mzigo wa Lusaka.

Mambo mengine tuyaache yalivyo, dada. Si kila kitu kinaandikika.

Mdogo wako,
Alinanuswe


Ihanda, 19 Mei 2024

Mdogo wangu,

Tunaendelea. Kahawa za kwanza zimeanza kuiva, mashine ya kumenyea tumeipaka grisi. Mpe Hamis salamu zetu, na Ikram umshukuru kwa kunitunzia barua, vitunguu si kitu.

"Huyo mzee." Nilipofika hapo niliweka barua chini nikaenda shambani. Niliporudi bado ilikuwa imeandikwa vilevile. Alina, tangu lini Mama amekuwa huyo mzee?

Huku tumezika wawili. Kijana wa bodaboda alikufa kwa ajali kule barabara kuu, na mke wa Luka alijifungua mtoto wa kiume aliyekaa wiki moja tu. Kwenye msiba wa kichanga nilipeleka chai. Hakuna aliyenyoosha kikombe. Nikasimama na birika langu mpaka likapoa.

Baada ya maziko wanaume walikaa kikao, wakakubaliana kuwaita lambalamba, wale wanaojiita watoa uchawi, waje kahawa ikishavunwa. Jumapili Mchungaji Mbonile alisema waziwazi madhabahuni kwamba jambo hilo halifai. Watu wengine waliinuka wakatoka. Nje ya kanisa Luka alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Bibi Gwantwa alikuja kukwangua mlango wangu, na mtoto wangu amekufa. Mnataka ushahidi gani tena?"

Nilimtazama usoni. Hakuwa na sura ya mtu mbaya. Ilikuwa sura ya mtu aliyezika mtoto, na sura hiyo niliwahi kuiona nyumbani kwetu. Ndiyo maana nakuuliza, na nauliza mara moja tu. Ni kitu gani hutaki kusema?

Dada yako,
Tumpe


Tunduma, 16 Juni 2024

Dada Tumpe, shikamoo.

Sote tu wazima. Fortunata anakusalimu, lakini hajui ninachoandika. Nimejifungia ndani ya lori.

Umeuliza mara moja, nami najibu mara moja. Baada ya kumzika Lusungu nilivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kwa mganga, wale wa ng'ambo wanamwita ng'anga. Sikwenda kumtafuta mchawi. Nilikwenda kwa sababu usingizi ulikuwa umenikimbia. Akaniambia, "Aliyemla mtoto wako mmekula naye chungu kimoja." Nikamwuliza ni nani. Akasema, "Unamjua. Ndiyo maana umekuja."

Niliondoka pale nikicheka. Nilipofika mpakani nikaacha kucheka. Nilikumbuka ile likizo tuliyokuja wote. Mama alimpakata Lusungu, akamlisha uji kwa mkono wake, akamtazama muda mrefu, kisha akamwita jina la shangazi yetu aliyekwisha kufa. Kesho yake mtoto akapandisha homa. Najua hospitali walisema malaria. Nilikuwepo, nilisikia. Lakini ni mbu wangapi walimwuma siku zote na hakufa?

Sijasema naamini. Sijasema siamini. Nasema siwezi kula mbele yake, basi. Kila nikitaka kuja, miguu inakataa.

Lambalamba wakija usiwazuie. Wamtazame. Kama ni safi ataonekana safi, na mimi nitapona.

Fortunata usimwambie.

Alinanuswe


Ihanda, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Alinanuswe,

Mahindi yamo darini. Vichanja vimejaa kahawa na mikono yetu imenuka maganda. Nakusalimu.

Nilitaka kukutukana. Nikaona nimlishe Mama kwanza, na hasira ikapungua kijiko kwa kijiko.

Lusungu alikuwa wako, lakini alikuwa wangu pia. Siku zile Mama alikuwa ameshaanza kuchanganya majina, sisi tukadhani ni utani wa wazee. Hata Mchungaji Mbonile aliwahi kuitwa Shangazi, na mpaka leo anahubiri. Hilo lingetosha. Lakini sitaki nishinde kwa hilo, maana siku akitokea mtu mwenye maneno mazuri kuliko yangu atanishinda, na Mama atakufa kwa sababu sikujua kubishana.

Unasema akiwa safi ataonekana safi. Umewahi kusikia lambalamba wamefika mahali wakaaga wakisema hapa hakuna mchawi, asanteni kwa chakula?

Tena nikisema wamwache kwa sababu hana hatia, nitakuwa nimekubali kwamba mwenye hatia auawe. Sikubali. Kaini alikuwa na hatia, damu ya ndugu yake ilikuwa bado mbichi ardhini, na Mungu akamtia alama ili mtu yeyote asimwue. Hakumwambia hana kosa. Alisema asiguswe. Tulijifunza hilo tukiwa wadogo, tukadhani ni habari ya Kaini tu.

Mama hajui jina lake. Hajui kama ni asubuhi au jioni. Hawezi kunilipa hata kwa kunitambua. Lakini ninapomwogesha naingiwa na hofu, Alina, ile hofu ninayoipata nikishika kikombe cha Meza ya Bwana. Nahisi nimeshika kitu ambacho si changu, na Mwenyewe yupo karibu anaangalia ninavyokishika.

Wanakuja mwanzoni mwa Agosti. Sikuombi uje kumtetea. Njoo umtazame usoni mchana kweupe, kisha useme mwenyewe.

Dada yako,
Tumpe


Ihanda, 8 Agosti 2024

Dada Tumpe, shikamoo, na pole sana ya mkono.

Barua hii anakuletea mke wa Mchungaji, amesema lazima aje huko Mbeya akuone wodini. Kahawa usiihofie, naigeuza mwenyewe juani. Fortunata ameifunga cherehani yake Chapwa akaja, sasa yuko jikoni. Mbwa amenikumbuka.

Barua yako ilinisubiri kwa Ikram mwezi wote wa Julai. Niliisoma tukiwa foleni ya kuvuka Nakonde. Hamis aliniona naisoma kwa mara ya pili akauliza kuna nini, nikamwambia yote, hata ya mganga. Akaniuliza, "Mama yako siku hizi anakula nini?"

Nikasema sijui.

"Hujui mama yako anakula nini, lakini unajua anakula watoto?"

Akanyoosha mkono nimpe funguo za lori. Nikapanda basi papo hapo. Nilichelewa kwa siku moja.

Nilikuta damu imekauka kizingitini, wewe umeshapelekwa Mbeya. Ulikuwa umewaagiza waniambie umeteleza kwenye ngazi ya dari. Mchungaji Mbonile alikataa kusema uongo. Alinieleza kwamba walikuja mchana, lambalamba mbele na wembe na chupa yake, umati nyuma. Walitaka Mama atolewe nje anyolewe, anyweshwe ile dawa. Mchungaji alisimama mlangoni wakamsukuma akaanguka. Mama alidhani ni wageni. Akawaambia, "Karibuni, karibuni. Tumpe, lete vigoda." Hapo wengi walirudi nyuma, hawakujua waangalie wapi. Luka peke yake hakurudi. Akainua mpini wa jembe, nawe ukamlalia Mama, mpini ukashukia mkono wako. Mchungaji anasema mfupa ulilia kama kuni kavu. Watu wakatawanyika, na lambalamba aliwatangulia wote.

Sasa langu, kabla hujalisikia kwa mwingine. Jioni niliyofika vijana wa kijijini waliochukizwa na damu yako walinifuata, wana dumu la petroli. "Kaka, twende kwa Luka tukamalize." Usidhani nilikwenda kuwazuia. Nilitangulia mbele.

Tulimkuta nyuma ya nyumba yake, ameketi chini kando ya kaburi la kichanga chake. Hakukimbia. Aliniangalia akasema, "Fanya tu, ndugu yangu. Mimi nimeshachoka."

Dada, nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu aliyekuvunja mkono. Nikakutana na mimi mwenyewe. Mimi nilivuka mpaka kwa mganga, yeye akaita lambalamba aje kwake, tofauti yetu ni hiyo tu. Nikamnyang'anya kijana lile dumu, nikaliweka chini nikalikalia kama kigoda. Walinitukana, waliniita mwoga, mmoja alinivuta shati mpaka likachanika. Sikuinuka. Nilikaa hapo mpaka askari wa Vwawa walipokuja wakamchukua Luka akiwa mzima. Niliinuka baada ya gari lao kuondoka.

Ndipo nikaingia kwa Mama. Fortunata alikuwa bado hajafika, ikabidi nimlishe mwenyewe. Alikunywa uji, akanitazama shati langu lililochanika, akasema, "Kijana, na wewe kula. Umekonda." Nikachukua kijiko chake, nikala.

Mdogo wako,
Alinanuswe


Mbeya, 20 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wa Imelda. Tumelazwa kitanda kwa kitanda, yeye mguu, mimi mkono. Ameahidi kutoongeza neno lake. Wameniwekea chuma, vidole vinachezacheza, daktari ameridhika. Chakula cha huku kinakosa chumvi tu.

Askari alikuja kuchukua maelezo. Nimesema kweli, kwamba ni Luka, kwa mpini wa jembe. Sikumficha. Nikimficha ni kama nimesema mkono wangu si kitu na kichwa cha Mama si kitu. Aende mahakamani, ahukumiwe. Lakini nilimwomba askari kwamba Luka asipigwe huko walikomweka. Akacheka. Nikamwambia, "Andika na hilo." Akaandika.

Mkewe yuko peke yake, na kahawa yao isipomenywa mapema itachachia kwenye magunia. Nenda na mashine yetu. Asipokufungulia, kaa nje.

Ukimwogesha Mama anza na miguu. Ukianza na kichwa atalia.

Na Fortunata umwambie habari ya mganga. Amefiwa na mtoto, asifiwe na mume aliye hai.

Habari ya lile dumu nimeipata. Imelda amenisomea mara mbili, tukalia sote wawili, kisha nesi akatugombeza.

Dada yako,
Tumpe


Ihanda, 16 Septemba 2024

Dada Tumpe, shikamoo.

Nimesikia wiki ijayo wanakuruhusu. Tumefurahi, nyumba imepigwa deki mpaka sakafu inalalamika. Kahawa yote imeshauzwa kwenye chama. Hamis ameleta lori salama, anasema alikohoa vumbi langu na lake. Tajiri mwenye lori amenipa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi.

Fortunata nilimwambia. Kutwa nzima akafua hata nguo zilizo safi. Jioni akasema, "Mwaka mzima nimemlilia mtoto peke yangu, kumbe wewe ulikuwa bado uko ng'ambo." Lakini usiku huo alisogeza mto wake karibu na wangu.

Kwa mke wa Luka nilikaa nje kama ulivyosema. Safari ya kwanza hakufungua, ya pili alifungua akafunga. Ya tatu alitoka bila salamu akaniletea magunia, tukamenya mpaka jua likazama. Luka kesi yake imetajwa Vwawa, bado yuko mahabusu. Mkewe alipokwenda kumwona alimkuta mzima, hajaguswa. Aliponiambia hivyo aliniangalia kama anauliza ni nani aliyemwombea, kisha akaendelea kumenya.

Jana Jumapili Mama aliamka akataka viatu. Fortunata akasema tumpeleke kanisani, kwani ni nani wa kumzuia? Tukamvalisha kitenge cha buluu tukamshika huku na huku. Njiani watu walitupisha mbali. Tulikaa benchi la nyuma, na waliokuwa kwenye benchi hilo wakahamia mbele mmoja mmoja, kila mtu akijifanya anatafuta mahali penye hewa. Tukabaki watatu kwenye benchi la watu wanane. Nilitamani kuondoka, Fortunata akanibana mkono.

Wakati wa maombi ya kimya, Mama aliinuka. Niliwahi kumshika, lakini akautoa mkono wangu taratibu, kama mtu mwenye heshima zake. Akawatazama wote, mstari kwa mstari. Akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa wadogo,

"Jamani, nimepotea. Kuna mtu hapa ananijua?"

Watu wakainamia vitabu vyao vya nyimbo. Mchungaji Mbonile alikuwa amepiga magoti madhabahuni, nikaona mabega yake yakipanda na kushuka kwa kilio. Nilikuwa naanza kuinuka nimjibu mimi mwenyewe.

Mbele kabisa upande wa akina mama aliinuka mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Alikuwa mke wa Luka. Akaweka kitabu chake cha nyimbo kwenye benchi. Halafu akatoka kwenye mstari, akaja nyuma kanisa zima likimgeukia, viatu vyake vikisikika peke yake kwenye sakafu. Akafika mbele ya Mama.

"Mimi nakujua," akasema. "Wewe ni Gwantwa."

Mama akamshika mkono akamwuliza, "Na wewe nani mwanangu? Mbona unalia?"

Akakaa pale pale kwenye benchi letu, mkono wake ukiwa bado ndani ya mkono wa Mama. Akainuka mzee mmoja wa kanisa, akaja, akasema, "Nakujua, Bibi." Halafu waimbaji wawili wa alto wa kwaya yako. Halafu yule kijana aliyenichania shati, akasimama mbele yake ameinamisha kichwa, Mama akampapasa nywele.

Ibada ilichelewa kuendelea, dada, maana watu walikuwa bado wanakuja.

Mdogo wako,
Alinanuswe